Wish ya 1ZZ: kava la mbele limefungwa upya, sasa inapiga stata tu haiwaki. P0335 haitoki

KijanaWaUkonga (mwanzisha uzi)
Wakuu habari za jioni. Nina Toyota Wish ya 2004, ile ya 1.8 yenye injini 1ZZ-FE. Ndiyo inayonilisha, nabeba abiria wa mtandaoni, kwa hiyo gari ikilala na mimi nimelala.

Ilianza kuvuja oili upande wa feni belti, kule kwa dereva. Uani pakawa na duara jeusi, mwenye nyumba akaanza kuninunia. Fundi akaangalia, akasema kava la mbele la injini silikoni yake imekufa, na kwa kuwa tunafungua basi tuweke cheni mpya na gaidi zake (reli zinazoongoza cheni), maana asubuhi ilikuwa inachakarika. Nikatoa hela. Wamekaa nayo siku mbili.

Jana jioni wamemaliza kufunga. Kupiga stata, injini inazunguka freshi kabisa, haiwaki. Hata kukohoa haikohoi. Wakachomeka mashine, inaleta namba ya hitilafu P0335. Fundi akasema sensa ya krenki (inayosoma mzunguko wa injini) imekufa wakati wa kufungua. Nimekimbia Kariakoo, 85,000 imeondoka. Sensa imefungwa, mambo ni yaleyale. Leo ananiambia kontrol boksi (kompyuta ya injini) imeungua, nikatafute nyingine Ilala. Kabla sijatoa tena hela naomba mawazo yenu. Nimechoka.

Mpiga_Zumari
Pole mkuu. Gari iliingia gereji kwa miguu yake, imevuja oili, ikatoka na ugonjwa wa ubongo. Hiyo kontrol boksi waliifungua kwa spana namba ngapi?

Bolti_Kumi
Mkuu, hapo cheni imefungwa vibaya. Ukikosea jino moja au mawili kwenye 1ZZ haiwaki au inawaka kwa shida. Waambie wafungue tapeti kava waangalie alama za gia za kemshafti (shafti za juu zinazofungua valvu). Krenki ikiwa kwenye sifuri, zile alama za gia mbili za juu zinatakiwa zilale msitari mmoja na uso wa silinda hedi. Zikiwa juu au chini, fungua kava tena.

Wa_Mji_Kasoro_Bahari
Mimi yangu Spacio ilileta P0335 ikawa waya umeliwa na panya. Fuatilia waya wote toka sensa mpaka kwenye kontrol. Panya wa Moro hawana utani.

FundiMstaafu
Kijana, usinunue kontrol boksi. Nijibu maswali mawili kwanza.

La kwanza: ukipiga stata, mshale wa RPM kwenye dashibodi unacheza hata kidogo, au umelala tu kwenye sifuri?

La pili: ile sensa yako ya zamani unayo bado au wameitupa?

Bolti_Kumi, ulichosema ni kweli kwa injini iliyokosewa taimingi, ila soma vizuri alichoandika. Cheni ikikosewa jino, krenki bado inazunguka mbele ya sensa, kwa hiyo kontrol bado inapata taarifa ya mzunguko. Itawaka vibaya, itapiga mishindo kwenye bomba la hewa, itakataa kuwaka, lakini mara nyingi italalamikia kemshafti na krenki kutopatana. P0335 inasema kitu kingine: sioni krenki kabisa. Na bila taarifa ya krenki, kontrol haitoi cheche wala haifungui nozeli za petroli. Ndiyo maana hata haikohoi.

Bolti_Kumi
Mzee shikamoo. Nimekuelewa, lakini kwa uzoefu wangu mashine zetu hizi za bei rahisi zinaleta chochote.

FundiMstaafu
Marahaba. Zinaleta chochote, ndiyo maana tunapima.

KijanaWaUkonga
Shikamoo mzee. Nimeenda gereji asubuhi hii. Mshale wa RPM umelala, hauchezi kabisa. Kwenye mashine nimemwambia aangalie mizunguko wakati wa stata, inasoma 0. Sensa ya zamani ninayo, ilikuwa kwenye droo ya fundi, nimeidai.

FundiMstaafu
Vizuri. Sasa tafuta mita, hata ile ya 15,000 inatosha. Sensa ya krenki ya 1ZZ ina waya mbili tu. Ndani yake kuna sumaku na waya uliozungushwa, haina elektroniki yoyote ya kuogopa. Pima upinzani kati ya pini zake mbili ikiwa ya baridi. Kitabu cha Toyota kinasema iwe kati ya omu 985 na 1,600. Ikiwa ya moto inapanda, 1,265 mpaka 1,890. Zipime zote mbili, ya zamani na mpya, utuletee namba.

Kisha, ukiwa na mtu wa kupiga stata, weka mita kwenye volti za AC (si DC), shika pini mbili za sensa ikiwa imefungwa mahali pake huku soketi imechomolewa. Meno yakipita mbele ya sumaku, sensa yenyewe inatengeneza umeme kidogo. Huhitaji kontrol boksi kuona hilo. Utuambie mita inasoma nini.

MamaNuru
Mzee FundiMstaafu, mimi ni dada tu mwenye Wish kama hiyo Dodoma, sijui spana ni nini, lakini nimeelewa maelezo yako kuliko mafundi wote walionipitia. Nafuatilia.

KijanaWaUkonga
Majibu wakuu:

Sensa ya zamani: 1,240. Sensa mpya: 1,190. Volti za AC wakati wa stata: 0.000. Tumebadilisha ya zamani na mpya, zote sifuri. Dogo wa gereji alipiga stata mpaka betri ikaanza kulegea, tukaomba ya jirani.

Kwa hiyo sensa ya zamani ilikuwa nzima?

FundiMstaafu
Ilikuwa nzima, na mpya ni nzima. Sensa mbili nzima, zote hazioni kitu. Hapo tatizo haliko kwenye sensa wala kwenye waya wala kwenye kontrol, kwa sababu umepimia kwenye sensa yenyewe. Ni kwamba mbele ya sensa hakuna kinachopita.

Fanya hivi. Fungua tena bolti moja ya sensa, itoe. Chukua tochi ya simu, chungulia kwenye tundu lake. Huku mwenzako anazungusha krenki kwa mkono kwa spana namba 19 kwenye bolti ya puli, kwa mwelekeo wa saa, polepole. Unatakiwa uone meno yakipita mojamoja, meno 34, halafu nafasi pana ambapo meno mawili hayapo. Hiyo nafasi ndiyo kontrol inaitumia kujua krenki imefika wapi. Niambie umeona nini.

Mpiga_Zumari
Mzee unataka kumwambia kwamba wamesahau kufunga...

Naacha, nisije nikaharibu.

Pwani_Tu
Nauliza tu, ndugu zangu wa bara, hayo meno yako nje kwenye puli au ndani? Mimi niko Mombasa, makanika wangu anasema kwenye gari yake meno yako kwenye puli.

FundiMstaafu
Ndugu yangu Pwani_Tu, magari yanatofautiana, kwenye injini nyingine meno yako kwenye puli yenyewe, na kwingine sensa iko nyuma kwenye flaiwili. Kwenye 1ZZ kuna kisahani chembamba chenye meno kinachovaa kwenye ncha ya krenki, mbele ya gia ya cheni, ndani ya kava. Kava likishafungwa hukioni, isipokuwa kwa tundu la sensa. Kina herufi F imechapwa upande mmoja, na F lazima itazame mbele, yaani kwa puli.

KijanaWaUkonga
Wakuu, sijui nicheke au nilie.

Nimechungulia. Hakuna meno. Naona chuma laini kinazunguka, kinang'aa, hakina jino hata moja. Nikamwita fundi mkuu naye akachungulia. Alikaa kimya kama dakika nzima. Halafu akamwita dogo wake, wakaenda kwenye lile beseni la dizeli wanaloshea vifaa. Dogo akaingiza mkono chini kwenye tope la oili, akatoa kisahani chenye meno. Kiko safi kabisa, kimelowekwa siku tatu.

Mpiga_Zumari
HAHAHAHA. Kontrol boksi imepatikana, iko kwenye beseni.

Wa_Mji_Kasoro_Bahari
Naomba radhi kwa panya.

Bolti_Kumi
Mzee nimevua kofia. Nimejifunza leo kuchungulia kwenye tundu. Sikuwahi kuwaza.

MamaNuru
Na hela ya sensa? Na ya siku ambazo hajafanya kazi? Gereji irudishe.

KijanaWaUkonga
Dada, tumeongea kiungwana. Hawatatoza kufungua na kufunga upya, na silikoni, oili sili na oili mpya ni juu yao. Sensa nimeambiwa duka halirudishi kifaa cha umeme. Nimekubali, nataka gari tu.

Mzee, kava linafunguliwa kesho asubuhi. Safari hii nakaa hapo hapo na simu mkononi. Naomba unieleze kitu gani niangalie. Ile ya kwanza haikuwa kisahani tu, naogopa kuna mengine.

FundiMstaafu
Sawa kijana, nitaandika kirefu, wenye haraka waruke.

Kwanza injini isiachwe ikaning'inia. Upande ule mauntini ya injini imeshikwa karibu na kava, kwa hiyo watatoa mauntini. Chini ya sampu (bakuli la oili) iwekwe jeki na kipande cha mbao, jeki isiguse chuma cha sampu moja kwa moja, itabonyea na kuziba nafasi ya chujio la pampu ya oili lililomo ndani.

Kava la 1ZZ linabeba pia pampu ya maji. Usishangae maji ya rejeta yakimwagwa. Hapo ndipo wengi wanaharibu. Kwenye kava hilo kuna njia ya maji na kuna upande wa oili, na kitabu cha Toyota kinataja gundi mbili tofauti, moja ya sehemu ya pampu ya maji na nyingine ya sehemu zilizobaki. Mitaani tunatumia silikoni moja kwa kila kitu. Kama huna mbili, angalau nunua nzuri ambayo imeandikwa inahimili maji ya rejeta na oili. Silikoni ya vioo vya dirisha ni ya vioo vya dirisha. Na oringi (pete ya mpira) ya pampu ya maji ikitolewa, irudi mpya.

Bolti za kava hazilingani urefu. Mimi tangu nikiwa kijana nachora kava kwenye boksi la katoni, natoboa matundu kwa bisibisi, kila bolti naichomeka kwenye tundu lake. Bolti ndefu ikiingia kwenye tundu fupi inafika mwisho kabla haijabana, fundi anaongeza nguvu, aluminiamu inapasuka. Kava la Wish lililopasuka sikio nimeliona mara nyingi kuliko sensa iliyokufa.

Sasa kusafisha. Silikoni ya zamani itolewe yote, kwenye kava na kwenye blok, kwa kikwaruzo cha plastiki au cha mbao, taratibu. Wakitoa grainda yenye msasa, simama mbele yao. Mchanga wa msasa unaingia kwenye beringi za krenki, na uso wa aluminiamu unaliwa hautakaa sawa tena. Halafu uso upanguswe kwa kitambaa na kisafishio cha breki mpaka kitambaa kitoke kikavu. Silikoni haishiki juu ya oili hata uipake kilo nzima.

Oili sili ya mbele, ile ya krenki, ifungwe mpya. Iingie sawasawa mpaka ilingane na ukingo wa kava, isilale upande mmoja. Paka grisi kidogo kwenye mdomo wake.

Cheni. Kwa kuwa kava liko chini, hakikisheni taimingi tena, haina gharama. Cheni ya 1ZZ ina pingili tatu zenye rangi, moja inakaa kwenye alama ya gia ya krenki, mbili kwenye alama za gia za kemshafti. Ukishazungusha injini mizunguko kadhaa hizo pingili zinahama, msiogope, wakati huo mnaangalia alama za gia tu.

Kisha ndiyo kisahani. F kwa mbele. Kikigeuzwa kinaingia pia, ndiyo ubaya wake, lakini ile nafasi ya meno mawili inakuwa mahali pasipo pake, na kontrol inachanganyikiwa. Mtafungua tena kwa mara ya tatu.

Silikoni ipakwe ushanga mmoja usiokatika, unene wa milimita 3 hadi 4, upite upande wa ndani wa matundu ya bolti. Unene zaidi si usalama zaidi. Ya ziada inasukumwa ndani, inakauka, inakatika, inaanguka kwenye sampu, inakwenda kuziba chujio la pampu ya oili. Injini inakufa kwa njaa ya oili na kila mtu analaumu oili. Ukishapaka usiende kunywa chai. Kava liingie ndani ya dakika 3 hivi. Likichelewa, silikoni inaanza kuwa ngozi, futa yote uanze upya.

Bolti zikazwe kwa zamu, kidogokidogo, kutoka katikati kwenda pembeni. Zile za rinchi namba 10 ni karibu Nm 13 (nyutoni mita, kipimo cha nguvu ya kukaza), za namba 12 karibu 19. Hiyo ni nguvu ya mkono mmoja na rinchi fupi. Bastola ya upepo isiguse kava. Bolti ya puli ya krenki ndiyo inataka nguvu, Nm 138.

Bolti_Kumi
Mzee naongezea kidogo hapo kwenye tenshona (kikaza cheni), umeisahau.

FundiMstaafu
Sijaisahau, mkono umechoka kuandika. Endelea wewe.

Bolti_Kumi
Haya. Tenshona ya cheni ya 1ZZ inafungwa kwa nje, nati mbili, upande wa nyuma wa kichwa cha injini. Ina fimbo inayosukuma mkono wa cheni, na ina meno ya kuizuia isirudi. Kabla ya kuifunga unabonyeza fimbo ndani mpaka mwisho halafu unaning'iniza kile kihook chake kwenye kipini ili ibaki imefungwa. Unaifunga ikiwa hivyo, nati kidogo tu, Nm 9.

Sasa wengi wanaishia hapo. Fimbo bado imefungwa! Lazima uzungushe krenki kinyume cha saa kidogo, hook inaachia, fimbo inaruka. Halafu unazungusha kwa mwelekeo wa saa, unachungulia juu kama mkono wa cheni umesukumwa. Usipofanya hivyo cheni iko legevu, ukiwasha inapiga kelele kama mkebe wa misumari, na inaweza kuruka meno. Na hii ndiyo sehemu pekee unayoruhusiwa kuzungusha krenki kinyume.

Na oringi ya tenshona iwe mpya. Wish nyingi zinazodaiwa kuvuja kava la mbele kumbe zinavuja hiyo oringi ya shilingi elfu chache, oili inateremka kwenye kava.

MamaNuru
Subiri kidogo Bolti_Kumi. Unataka kusema huenda Kijana hakuhitaji kufunguliwa kava kabisa?

Bolti_Kumi
Dada sitaki kuvuruga amani ya uzi. Lakini mtu aoshe injini kwanza, aendeshe siku mbili, apitishe tochi aone oili inaanzia wapi juu. Oili inashuka haipandi.

KijanaWaUkonga
Hilo swali nimelisoma nikiwa nimekaa kwenye tairi hapa gereji, nimeumia moyo. Ila cheni ilikuwa inapiga kelele kweli, najifariji kwa hilo.

Taarifa ya mpaka sasa hivi: kava limetoka. Taimingi iko sawa, alama zote zimekaa. Ndani silikoni ilikuwa imemwagika kama kamba za tambi, dogo amezitoa kwa vidole, amechungulia mpaka chini kwenye sampu. Kile kisahani, mzee, nisingekuwa hapa wangekigeuza. Fundi alikishika akakivalisha moja kwa moja. Nikamuuliza F iko wapi. Akanitazama. Akakitoa, F ilikuwa imetazama ndani. Hakusema kitu, akakigeuza.

Msasa ulitolewa pia. Nilisimama mbele yao kama ulivyosema.

Mpiga_Zumari
Kijana wewe sasa ni fundi msaidizi, dai mshahara.

Pwani_Tu
Na sensa yenyewe mzee, ina namna yake ya kufungwa? Makanika wangu huipigapiga na nyundo ikikataa kuingia.

FundiMstaafu
Mwambie aweke nyundo chini. Sensa ina oringi yake; ikiwa ngumu au imepasuka, badilisha, maana nayo huvuja oili watu wakadhani ni kava. Ipake oili ya injini kidogo, isukume kwa dole gumba huku ukiizungusha. Ikikataa, kuna uchafu au tundu lina silikoni. Bolti yake ni moja, Nm 9, inabana tu. Kabla ya kuingiza, futa ncha yake kwa sababu ni sumaku, na ikiwa ililala kwenye benchi ya gereji imekusanya vumbi la chuma.

Halafu waya wake urudishwe kwenye vishikio vyake vyote. Upo karibu na kompresa ya kiyoyozi na puli inayozunguka. Waya ukiachwa unaning'inia utasuguliwa na belti, na hapo tutarudi kwenye panya wa Morogoro.

KijanaWaUkonga
Saa 11 jioni: kimefungwa kila kitu. Wamesema nisiwashe kwa saa mbili silikoni ishike. Nimeamua ilale mpaka asubuhi. Kabla sijaondoka niliomba kile kipimo cha volti za AC, nikapigiwa stata mara moja fupi tu, nozeli zimechomolewa soketi. Mita imepanda ikapita volti 1. Na mshale wa RPM umeinuka!

Nimepiga picha mita. Mke wangu anauliza kwa nini nina picha ya namba kwenye simu.

Wa_Mji_Kasoro_Bahari
Mwambie ni mtoto wa nje.

KijanaWaUkonga
Asubuhi njema wakuu. IMEWAKA. Stata ya kwanza. Sekunde mbili za kwanza ilipiga kelele za cheni, ikanyamaza. Nikaogopa nikazima. Hiyo ni kawaida au tenshona?

Bolti_Kumi
Umemwaga oili yote, tenshona inasukumwa na oili. Mara ya kwanza baada ya kufungua kelele fupi ni kawaida, mpaka presha ijae. Ikirudi kila asubuhi ndiyo tuongee. Oili umeweka lita ngapi?

KijanaWaUkonga
Waliweka 3.5, nikaongeza mpaka stiki ikasoma juu.

FundiMstaafu
Kitabu kinasema 3.7 pamoja na filta. Fuata stiki. Toa hewa kwenye rejeta vizuri maana maji yalimwagwa, hita iwe wazi, uangalie geji ya joto siku ya kwanza usiende mbali. Ukifika kilomita 500 badilisha oili na filta, mabaki ya silikoni na uchafu wa beseni la dizeli yatoke.

KijanaWaUkonga
Nimefanya hivyo. Leo ni siku ya kumi na mbili. Nimeosha injini, nimepitisha tochi kila jioni, kava ni kavu, tenshona kavu, sensa kavu. Kelele ya asubuhi haijarudi. Oili ya kilomita 500 ilitoka na vipande viwili vya silikoni kama kucha, nimevihifadhi kwenye kiberiti. Mwenye nyumba amenisalimia.

Mzee FundiMstaafu, ukija Dar naomba unipigie, chakula cha mchana ni juu yangu. Bolti_Kumi na wewe.

Nina sensa ya krenki ya 1ZZ mpya kabisa, imefungwa mara moja tu, omu 1,190. Naiachia 60,000 kwa mwenye shida.

Teksi_ya_Buguruni
Mkuu nina Allion ya 1.8, inazimika ikipata moto, inaleta P0335, ikipoa inawaka. Nikuje kuichukua?

KijanaWaUkonga
Kaka, pima ya kwako kwanza, ikiwa ya moto. Nisije nikakuuzia nilichouziwa mimi.

Teksi_ya_Buguruni
Nimepima imezimika barabarani sasa hivi. Ya moto mita haisomi kitu kabisa, imekatika. Nimesubiri ipoe, imerudi 1,300. Nimechungulia na tundu, meno yapo yote na lile pengo. Uko wapi?

KijanaWaUkonga
Ukonga Mombasa, hapa hapa Dar, karibu na kituo. Njoo na 60.